Pilipili ya Yana Q'asa

Mzee Melitón Champi alikuwa na nyumbu saba wa mizigo, binti mmoja, na tabia ya kutojibu swali zito kabla ya kula. Ndiyo maana Casimiro Ttito, mpishi wa safari za mlimani, alipokwenda kumposa Eulalia hakupata ndiyo wala hapana. Alifika jioni, kofia mkononi, na kifurushi cha majani ya koka na chupa ya pombe ya miwa, kama inavyotakiwa. Mzee akayapokea majani, akayachambua moja moja, akatafuna mpaka shavu likavimba, akaidondoshea ardhi tone la kwanza la pombe, yeye akanywa yaliyofuata. Kisha akanyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kumenya ndoo nzima ya viazi.

"Wiki ijayo tunapanda wote na wageni, au siyo?" akauliza hatimaye.

"Tunapanda wote, mzee."

"Basi siku ya tatu, pale magofu yanapoanza kuonekana, utanisagia uchukuta. Nikishakula nitakujibu."

"Uchukuta tu?"

"Tu?" Mzee akamkazia macho kana kwamba ametukanwa. "Bonde hili zima, aliyejua uchukuta ni mke wangu. Tangu tumzike, mwaka wa tisa huu, ninachopewa ni maji ya pilipili. Anayetaka kuchukua kilichobaki nyumbani mwangu, kwanza aniletee kilichotoka."

 Kando ya jiko, karibu na goti la Casimiro, kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cha sufu, na kila mtu kijijini alijua ni nini. Ni jiwe la kusagia la marehemu. Mzee hakuruhusu liguswe, liazimwe, wala lipanguswe vumbi. Siku moja paka alijisahau akalala juu yake, na mzee akamtimua paka yule mpaka kwa jirani, ambako anaishi hadi leo.

Nje, Eulalia alikuwa akimsubiri huku akijifanya anafunga kamba. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na sauti ya kumsimamisha nyumbu aliyeko kona mbili mbele.

"Kasema nini?"

"Kasema anataka kula."

"Basi mlishe," Eulalia akasema. "Maana nakwambia kabisa, Casimiro, mimi sitoroki. Mama yangu aliombwa, na mimi nitaombwa. Baba akisema hapana, utaendelea kunipikia supu ya msafara, na mimi nitaendelea kukubebea sufuria, tutazeeka hivyohivyo kama wajinga wawili."

Casimiro alijua hatanii. Misimu sita walikuwa wamependana juu ya njia moja, yeye mbele na vyungu, Eulalia nyuma na nyumbu, na mambo mengi walikuwa wameshayapanga. Ila huku kwetu baba akiwa hajajibu, habari ya nani atahamia wapi haisemwi mbele yake. Ni kukosa adabu, kama kwenda kupima shamba la mtu ambaye bado analilima. Kwa hiyo walifunga midomo, kama watu waliolelewa vizuri, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa balaa lote.

Hata hivyo Casimiro alishuka kutoka pale amejaa matumaini. Uchukuta ni kazi ya mikono yake: pilipili rokoto nyekundu, majani ya wakatay yenye harufu ya kukuamsha usingizini, jibini, karanga za kukaanga, vyote visagwe juu ya bamba la jiwe mpaka vilainike, kisha mtu achovye kiazi. Mabamba bapa yapo kila kambi, wasafiri wameyaacha tangu zamani. Jiwe la juu, lile la mkononi, Casimiro alikuwa na lake. Lilikuwa na umbo la nusu mwezi, zito kama mtoto wa miezi sita, na tumbo lake lilikuwa limelainishwa na mikono ya bibi yake, kisha ya mama yake, kisha yake mwenyewe.

"Kaka, mlima mzima huu ni mawe," Wilbert, kiongozi wa watalii, alimtania asubuhi ya kuondoka. "Na wewe unabeba lingine kutoka nyumbani?"

"Na wewe umezaliwa na mdomo, mbona umebeba kipaza sauti?"

Wilbert alikuwa mtu wa mjini Cusco, mwembamba, mwenye maneno ya kutosha watu watatu. Safari hiyo aliwaongoza wageni watano kwenda Ñustapata, magofu ya Wainka yaliyo siku tatu kwa miguu, na ya nne ya kushuka. Kati ya wageni wale aliyewachangamsha wote ni mama Birgit, mstaafu kutoka Denmark, aliyeng'oa watu meno kwa miaka arobaini. Alikuwa mrefu kuliko mlango wowote wa kijijini, na goti lake la kulia lilikuwa bovu, akalitaja kila baada ya robo saa kana kwamba ni mgeni wa sita.

Siku ya kwanza, wakati wa chakula cha mchana, Casimiro alifanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Aliona si vibaya kujaribu mkono. Akasaga uchukuta kidogo, kijiko kimoja kwa kila mfanyakazi, akamwekea mzee Melitón chake kando ya viazi. Mzee akachovya, akatia mdomoni, akatafuna mara mbili. Halafu taya likasimama. Akakaa vile, jicho limetulia kwenye mlima wa mbali, na polepole akala kiazi kile, na cha pili, na cha tatu, na cha nne. Kisha akainuka bila neno, akaenda kukagua kwato za Condesa.

Condesa ndiye nyumbu anayefunga msafara, mzee kama mwenyewe na mwenye kiburi kumzidi. Kwato zake hazikuwa na tatizo lolote. Mzee aliziinua zote nne, akazishusha, akaanza tena upya.

"Nimeharibu," Casimiro akamnong'oneza Eulalia. "Hajasema hata ahsante."

"Umeharibu nini, wewe? Kala viazi vinne! Tangu mama afe, baba hajavuka viwili." Macho ya Eulalia yaling'aa. "Siku ya tatu atasema ndiyo kabla hujatua sufuria chini."

Furaha iliyompata Casimiro alasiri ile haikuwa ya kawaida. Alipika wali na kuku wa wageni huku akiimba, na akaoka keki ndani ya sufuria juu ya jiko la gesi, ingawa hakuna aliyekuwa na siku ya kuzaliwa.

Siku ya pili ni siku ya Yana Q'asa, mahali njia inapovuka mgongo wa mlima. Kila anayevuka hapo huokota jiwe lake kule chini kijitoni, akapanda nalo. Akifika juu hulipulizia mara tatu, hulikabidhi uchovu wake na kinachomsumbua, hulilaza kwenye lundo, akaendelea na safari akiwa mwepesi. Lundo lile linafika mtu kifuani, na limekuwa likikua tangu Wainka wenyewe. Jiwe likishalazwa pale ni mali ya mlima. Ukiliondoa, umeondoka na mzigo wa mwenye nalo. Kuna bwana mmoja wa bonde la pili aliyechukua manne ya kujengea banda la nguruwe, akalala wiki tatu mfululizo, na banda likamaliziwa na mkewe.

Casimiro alivuka mapema. Mpishi hatembei na wageni, hukimbia mbele yao ili wakifika kambini wakute supu inachemka. Alipanda na jiko na sufuria kubwa mgongoni, akalaza jiwe lake dogo la kijitoni, akaomba jambo moja tu, mnajua lipi, kisha akashuka upande wa pili akikimbia. Gunia la vikorokoro vya jikoni, pamoja na jiwe lake la kusagia, alikuwa ameliacha juu ya Condesa, nyuma kabisa, mikononi mwa mzee Melitón. Kwa nini asingeliacha? Mzee yule alikuwa amewabebea watu mizigo miaka arobaini bila kupoteza kijiko.

Asubuhi ya siku ya tatu jua lilipogusa mahema, Casimiro alifungua gunia. Akatoa mwiko, chujio, bati la chumvi. Akapekua mpaka chini. Akalipindua gunia likamwaga kila kitu, pamoja na nusu ya kitunguu kilichopotea mwaka jana. Jiwe halikuwamo.

Akatafuta kwenye magunia mengine. Akatafuta chini ya mahema, ndani ya masanduku ya mayai, hata ndani ya begi la Wilbert, ambamo alikuta vioo viwili na marashi.

"Hayo ni ya kazi," Wilbert akajitetea.

"Jiwe langu halipo! Lile la nusu mwezi!" Casimiro akachora umbo lake hewani kwa mikono miwili. "Bila lile leo nimekwisha!"

Mama Birgit alikuwa amekaa karibu, kikombe chake cha chai mkononi. Aliitazama ile mikono, uso wake ukachanua.

"Jiwe la hivi?" akauliza kwa Kihispania chake cha kudonoadonoa. "Laini? Zuri sana? Hilo nimelilaza mimi! Langu nililitupa kona ya tatu, lilinilemea. Nimefika juu sina jiwe, naona aibu. Baba wa nyumbu akaniona, akafungua gunia, akanipa lile. Nimelipulizia mara tatu. Nimelikabidhi goti langu." Akanyoosha mguu wa kulia, akaukunja, akaunyoosha tena. "Tazama! Leo haliumi!"

 Mzee Melitón alikuwa ng'ambo ya kijito akimfukuza Condesa kwa bidii isiyo ya kawaida, na Condesa naye alikuwa amesimama tuli, akimshangaa.

Wa kwanza kusema alikuwa Eulalia. "Baba analijua jiwe la kusagia kuliko anavyozijua sala. Alijua alichokuwa anatoa. Niache nimfuate."

Casimiro akamshika mkono. "Usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Ukimwaibisha mbele ya wageni, hata akisema ndiyo itakuwa ndiyo ya aibu. Mimi siitaki hiyo."

"Na hapana yake, unaitaka?"

 Kilichomuuma Casimiro zaidi ya jiwe ni kwamba hakuelewa. Mtu amekula viazi vinne, ameridhika mpaka akaishiwa maneno, halafu anakufichia nyenzo ya kazi? Angempa dharau ya wazi angejua pa kushika. Alijisikia kama mtu aliyekaribishwa ndani na mlango ukafungwa kwenye vidole vyake.

"Panda ukalichukue, kaka," Wilbert akanong'ona. "Nani atakuona?"

"Mlima."

"Mlima hauna macho."

Wote wakamgeukia. Wilbert akavua kofia upesi, akaielekeza kule kileleni. "Natania, jamani. Nimetania tu."

"Na akilichukua," Eulalia akasema, "anashuka na goti la mama Birgit. Miaka sitini na saba ya goti. Nitaolewa na kilema."

Casimiro akaokota jiwe jipya kijitoni, la mviringo, akalisugua, akasagia rokoto moja juu ya bamba. Akaonja. Ilikuwa kama kutafuna barabara. Jiwe jipya hutoa mchanga kwa miaka, ndiyo maana watu hurithishana yale ya zamani. Akatema, akakaa juu ya gunia, akashika kichwa. Kule juu Yana Q'asa ilikuwa inaonekana vizuri, shavu jeusi la mlima na kinundu kidogo juu yake. Kinundu kile ndilo lile lundo.

"Mlima umepewa jiwe langu," akasema taratibu. "Mikono yangu haujapewa."

"Unamaanisha nini?" Eulalia akauliza.

Casimiro alikuwa ameshaanza kufunga rokoto, jibini, karanga na wakatay ndani ya kitambaa, na kisufuria kidogo chenye mfuniko. "Chemsha viazi wewe. Wilbert atapasha supu. Wilbert, chumvi usiiguse."

Wageni walipoanza safari kuelekea Ñustapata, mpishi wao alikuwa anapanda upande wa pili, anarudi walikotoka. Ni saa moja na nusu kwa mtu mwenye haraka. Alijikaza kisabuni, pumzi ikimkata kila kona, akijisemea maneno mengine ambayo si ya kuandikwa, mengi yakimhusu baba mkwe ambaye bado hajawa baba mkwe.

Juu kulikuwa na upepo tu. Jiwe lake lilikuwa pale, limelazwa kileleni mwa lundo, juu ya bamba bapa, kama mfalme aliyekwisha kuzoea kiti. Casimiro alilitamani. Angelitia ndani ya poncho, vazi lake la baridi, akashuka, nani angesema? Mkono ulikwenda, ukafika karibu, ukarudi. Akachagua majani matatu ya koka yasiyo na kasoro, akayashika kwa vidole viwili, akayapulizia kuelekea kilele cheupe.

"Mzee wangu," akauambia mlima, "sikuja kuchukua chako. Nimekuja kuazima mahali pa kukaa. Nikimaliza naondoka, na wewe utaonja kwanza."

Mlima haukukataa, au kama ulikataa upepo ulikuwa mkali mno kusikia. Akaweka rokoto juu ya bamba, akalishika jiwe lake masikio yote mawili, akaanza kulibembeza palepale lilipolazwa, kulia na kushoto, bila kulinyanyua. Lilimjibu vilevile kama siku zote. Pilipili ikapasuka, ikatoa maji, upepo ukayarusha machoni mwake, akasaga huku analia na kupiga chafya. Lundo likatikisika, mawe mawili madogo yakabingirika. Akayarudisha kwa heshima, akawaomba radhi wenyewe, popote walipo duniani.

Aliposogea kufuata karanga zilizomponyoka ndipo alipoyaona. Upande usiopigwa na upepo yalikuwa yamepangwa mawe meupe, madogo, safi, yamegusana kama shanga. Akayahesabu. Tisa. Mawe mengine ya lundo yalikuwa yametupwatupwa, lakini haya kila moja lilikuwa limetafutwa na kuwekwa na mtu asiye na haraka. Casimiro akasimama na karanga mkononi. Hasira aliyopanda nayo ilianza kumtoka, na hakufurahi, maana alikuwa ameizoea njiani.

Uchukuta ilipolainika, kijiko cha kwanza akaupa mlima. Cha pili akakiweka kwenye jani, kando ya yale mawe meupe. Akafunika sufuria, akaifunga ndani ya poncho, akateremka mbio.

Magofu ya Ñustapata huanza kuonekana ukifika kwenye tambarare moja ndogo yenye nyasi, ng'ambo ya bonde, kuta zake zimepangwa ngazi kwa ngazi mpaka kwenye mawingu. Casimiro alipofika, wageni walikuwa wameshamaliza supu na wanapiga picha. Mzee Melitón alikuwa amekaa juu ya tandiko la Condesa na bakuli la viazi vikavu mapajani.

"Magofu yale pale," mzee alikuwa akimwambia binti yake, akiyaonyesha kwa kiazi. "Siku ya tatu ndiyo hii. Uchukuta siioni. Na mimi nimeshakula."

"Umekula viazi viwili vikavu, baba. Huko si kula."

"Mimi ndiye ninayejua kama nimekula."

"Bado, mzee," Casimiro akasema nyuma yake, akihema, nywele zimemsimama, uso mwekundu kama rokoto yenyewe. Akafungua poncho, akatua kisufuria mbele yake, akafunua. Harufu ikatoka, hata Condesa akageuza shingo.

Mzee hakuwa na pa kukimbilia. Akachovya kiazi, akatafuna. Akachovya kingine. Alipomaliza cha tatu akaweka bakuli chini.

"Hii haijasagwa kwa chupa."

"Hapana."

"Wala kwa jiwe la kijitoni."

"Hapana, mzee. Jiwe ni lilelile langu."

Rangi ilimtoka mzee usoni, na safari hii hakuwa anaigiza. "Umeliondoa? Casimiro! Umeliondoa lundoni?"

"Sijaliondoa. Lipo palepale lilipolazwa. Nimepanda na pilipili, nikasagia hukohuko juu." Casimiro akapiga magoti mbele yake. "Mlima umekula kijiko cha kwanza. Cha pili amekula mama yake Eulalia. Nimemwekea kando ya yale mawe meupe."

 Mzee Melitón akavua kofia, akaivaa tena. Macho yakajaa maji, yakafurika kwenye mikunjo ya mashavu.

"Pilipili kali," akasema.

"Kali sana, mzee."

Haikuwa kali hivyo. Mzee alikuwa analia, na kila mwenye macho aliona, na hakuna aliyethubutu kucheka. Wilbert peke yake alikuwa kazini, akiwatafsiria wageni kwa kunong'ona na kuongeza chumvi ileile aliyokatazwa kuigusa asubuhi.

"Mimi ndiye niliyempa yule mama jiwe," mzee akasema.

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na hukusema kitu?"

"Nilikuwa na kazi ya kusaga."

Mzee akajipangusa uso kwa ncha ya poncho. "Juzi nilipoonja kile kijiko nilijua nimekwisha. Ilikuwa yake. Yake kabisa! Nikajiambia, Melitón, siku ya tatu utasema ndiyo, huna ujanja. Na huyu ataondoka na vyungu vyake na binti yako, na wewe utabaki unaongea na Condesa. Na Condesa hanipendi."

"Aondoke na nani?" Eulalia akauliza.

"Na wewe."

"Aende na mimi wapi?"

"Kwake! Mwanamke anaolewa anakwenda wapi?"

"Kwake wapi, baba?" Sauti ya Eulalia ikapanda, nyumbu sita wakaacha kula. "Casimiro amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la mikate. Jiko lake liko chini ya kitanda! Akitaka kukaanga yai lazima aamke kwanza. Yeye ndiye anayehamia kwetu. Tumekubaliana tangu msimu wa mvua!"

Mzee akamtazama binti yake, akamtazama mpishi, akarudi kwa binti yake. "Mbona hamkuniambia?"

"Kabla hujajibu? Tuje tugawane vyumba vya nyumba yako, wewe umekaa unatusikiliza? Ungetufanya nini?"

"Ningewatimua," mzee akakiri, kwa unyonge.

"Kama paka."

"Kama paka." Akatazama kule walikotoka, Yana Q'asa ikiwa imejificha ndani ya wingu. "Kwa hiyo nimetoa jiwe la watu bure."

Mama Birgit, aliyekuwa anafuata kila neno kupitia kwa Wilbert, akaona heshima yake imeguswa. Akasimama kwa urefu wake wote, akainua mguu wa kulia, akaukunja mara tatu mbele ya kila mtu. "Si bure," akasema. Kisha akauliza lile wote walilokuwa wanalisubiri: "Sasa ni ndiyo, au hapana?"

 Mzee Melitón alikuwa anaitazama mikono ya Casimiro, iliyovimba kwa pilipili na kuchanika kwa mawe ya lundo, imelala juu ya mapaja kwa kukosa la kufanya.

"Mpishi asiye na jiwe ni mpishi gani?" akasema.

"Ndiyo hivyo, mzee. Nitalitafuta jingine. Itachukua miaka."

"Usitafute." Mzee akakohoa, akahamisha koka kutoka shavu hili kwenda lile. "Nyumbani, kando ya jiko, kuna jiwe. Limefunikwa. Tukifika, lifunue."

Eulalia akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Lioshe kwa maji baridi," mzee akaendelea, akiongea haraka sasa, kama mtu anayeogopa sauti itamwangusha njiani. "Sabuni usitumie. Marehemu hakupenda sabuni. Na lina upande wake, upande wa kushoto umeliwa zaidi kwa sababu mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na nguvu. Utalizoea."

Casimiro alitaka kusema ahsante, baba, na neno la pili ndilo lililomshinda, maana hakuwahi kulitumia kwa mtu huyu. Akainamisha kichwa tu. Mkono wa mzee ukatua juu ya nywele zake, mzito, ukakaa hapo.

"Na paka, baba?" Eulalia akauliza, anacheka na machozi yanamtiririka. "Naye arudi nyumbani?"

"Jambo moja kwa siku," mzee Melitón akasema, akanyoosha mkono kuchukua kiazi cha nne.